Picha ya baba ilibaki kwenye kompyuta tu

Simu yenye picha ya marehemu baba iliibwa. Ikabaki kwenye kioo cha kompyuta ya mama tu, baba amevaa kanzu, alama za mafaili zimemfunika kidevu. Mpwa wangu akitaka kuweka mchezaji wa mpira, mama anafoka.

Mimi naandika habari za afya, si fundi, lakini hili nalijua: Windows hutunza nakala ya picha hiyo. Andika %AppData%\Microsoft\Windows\Themes juu ya dirisha la mafaili, utaona TranscodedWallpaper. Linakili kabla hujabadilisha chochote, maana picha mpya huifuta ya zamani, kisha iongezee nakala .jpg mwishoni.

Ilipofunguka, mama alisogeza kiti.

“Kumbe siku ile hakunyoa ndevu.”