Siku Nne Kusini mwa Ziwa

Sisi watu wa pwani tumezoea kuita "bara" kila kilichoko nyuma ya Mariakani, kana kwamba ni nchi moja yenye sura moja. Nasi tulikuwa na dhana hiyo hadi tulipokwenda kumzuru binti yetu aliyeolewa Kendu Bay, mji mdogo wa Kaunti ya Homa Bay wenye Waislamu wa tangu zamani, wengi wao Wajaluo.

Ziwa Viktoria, ambalo wenyeji huliita Nam Lolwe, liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Ufukweni huanikwa dagaa, wao husema omena, waliovuliwa usiku kwa taa. Mbele ya Mbita viko visiwa vya Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, na Mfangano, makao ya Wasuba, ambao lugha yao imemezwa sana na Kijaluo.

Siku ya tatu mkwe wetu alitupeleka Migori. Tulipita Rongo na miwa ya Awendo hadi Isebania, mpakani na Tanzania. Wakuria wanaishi pande zote mbili. Mpaka uliwapita katikati, wala hawakuulizwa. Katika boma la kale la Thimlich Ohinga, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, kuta zimepangwa kwa mawe matupu, pasi na chokaa wala udongo. Sisi tuliozoea magofu ya Gede tulizigusa kwa mkono kabla ya kuamini.

Lakini kilichotukaa moyoni ni wingi wa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Kaunti ya Lamu, ambayo eneo lake linakaribia mara mbili ya Homa Bay, ilikuwa na watu 143,920 tu. Kando ya njia hatukuona mahali ambapo nyumba zilikatika. Boma lilifuata boma, na baina yao vipande vya mahindi na mtama.

Maana ya hesabu hiyo tuliiona siku ya kuondoka. Baba yake mkwe wetu alitutembeza shambani, akatuonyesha kwa bakora mafungu ya wanawe wanne. Fungu la mume wa binti yetu tulilipima kwa miguu: hatua sitini kwa arobaini, kaburi la babu likiwa ndani yake. Mzee alisema ziwa nalo halitoi samaki kama la ujana wake.

Jioni binti yetu alitusogelea jikoni.

"Mama, huko kwetu hapatapatikana hata kiwanja kidogo?"

Nyumba yetu ya Mombasa tumeijenga juu ya ardhi ya mtu mwingine, na kila mwezi twamlipa kodi ya ardhi. Tulimwambia tutazungumza na baba yake.