Buti Likigoma

Waliokulia Tanga, Mombasa au Dar es Salaam miaka ya 70 na 80, wakapanda gari la mjomba au la jirani, wanajua kwamba buti lilibembelezwa kwanza ndipo likafunguka. Peugeot 504 ya mjomba wangu ilikuwa na kitasa kilicholiwa na chumvi ya bahari na vumbi la njia ya Muheza, na ufunguo wake ulikuwa na masharti: uuingize mpaka mwisho, uurudishe nyuma unene wa ukucha, ulikandamize buti kwa kiganja cha kushoto, kisha uzungushe taratibu, maana ukilazimisha utakatikia ndani na gunia la machungwa litaozea humo humo. Leo nabonyeza rimoti. Buti linafunguka.

Ndani ya kitasa cha namna ile mna vibati vidogo vya shaba vilivyokalia springi. Meno ya ufunguo huvipanga, na vikishakaa sawa ndipo kitasa huzunguka. Vikigandishwa na kutu, vumbi na mafuta yaliyokauka, hata ufunguo halali unakataliwa. Dawa yake ilijulikana mtaa mzima. Jumapili baada ya saa nane mchana, enzi zile magari ya binafsi yalipokatazwa barabarani ili kuokoa mafuta, mjomba aliliegesha gari chini ya mwembe, akavua shati, akaomba jikoni mafuta ya taa kidogo, akayadondoshea tunduni kwa unyoya wa kuku, akangoja kutu ilegee, halafu akaikwangua kwa wembe risasi ya penseli yangu ya shule, akaupaka ufunguo unga ule mweusi, akawa anauingiza na kuutoa mpaka kitasa kikaanza kuteleza. Grisi hakuitaka, kwa kuwa grisi hunasa vumbi na ugonjwa hurudi. Majirani walisogea, huyu na bisibisi, yule na ushauri, na ua mzima ulinuka mafuta ya taa na machungwa yaliyovunda.

Mwalimu wetu naye alikuwa na Volkswagen, ile ya injini nyuma na buti mbele, ambayo buti lake lilifunguliwa kwa kuvuta waya kutoka ndani ya gari. Waya ukikatika, tairi la spea lilibaki limefungiwa huko mbele na safari ikawa imeishia hapo. Spea za kununua zilikuwa adimu, kama fedha za kigeni zilivyokuwa adimu, basi fundi alitafuta waya wa breki ya baiskeli, akaupitisha palipopita wa kwanza, na gari likaendelea na maisha. Siku hizi spea zimejaa Kariakoo. Waya wa baiskeli hauna kazi tena.

Mambo yalianza kugeuka baada ya 1984, serikali ya Tanzania ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Magari yaliyotumika Japani yakaja kwa wingi, na kando ya kiti cha dereva tukakuta vishikio viwili, kimoja cha tangi na kimoja cha buti. Tukaacha kuzunguka nyuma na ufunguo. Kisha ikaja rimoti, na magari mengi yenye mlango mkubwa wa nyuma yakaja bila tundu la ufunguo kabisa. Kutu imekosa pa kuingilia. Ila betri ikifa, swichi nayo imekufa. Au waya zinazopita kwenye mpira ule mweusi karibu na bawaba, zikipindwa kila unapofungua na kufunga, zinakatika mojamoja, na siku moja unabonyeza hakuna jibu. Jeki imo ndani. Spana ya magurudumu imo ndani. Jirani anachungulia dirishani, anakuambia upigie fundi wa umeme.

Hata hivyo silililii buti la zamani. Tulijificha humo tukicheza kombolela, na sasa nikikumbuka mfuniko ule mzito na kitasa kile kisichoaminika, mwili unanisisimka. Marekani watoto 11 walifia ndani ya mabuti katika kiangazi cha 1998, na tangu Septemba 2001 sheria ya huko inataka magari mapya ya abiria yenye buti lililojitenga yawe na kishikio cha kujifungulia ukiwa ndani, kinachoonekana gizani. Peugeot ya mjomba haikuwa na kitu kama hicho. Tulichopoteza ni ujuzi uliokuwa wa kila mtu, na zile Jumapili za kuzungukia gari moja. Tulichopata ni wepesi, na katika mambo mengine ni uhai.

Kwa hiyo ukipata nafasi mwisho wa wiki hii, fungua buti lako likiwa bado linafunguka. Chungulia upande wa ndani wa mlango: mara nyingi kuna kifuniko kidogo cha plastiki, na nyuma yake kijiti unachoweza kukisukuma kwa bisibisi baada ya kupanda juu ya viti vya nyuma. Angalia pia kama kuna kishikio cha kujifungulia. Kama hakuna, watoto wasichezee humo. Na bisibisi yenyewe usiiweke butini.