Aliye Juu ya Wote

Siku moja darasani tulikuwa tukieleza vyeo vya askari, tukafika neno jeneralisimo. Asili yake ni Kitaliano, nao Wahispania wanalo. Mwisho wa neno hilo huikuza sifa hata ikawa ya juu kabisa. Basi maana yake ni jemadari apitaye majemadari wote. Francisco Franco alisimikwa katika cheo hicho huko Burgos, Hispania, tarehe 1 Oktoba 1936, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita vilikwisha mwaka 1939, lakini yeye alikaa mkuu wa nchi mpaka alipofariki mwaka 1975.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, aliye juu ya wote akikosa, nani atamwambia?"

Tukanyamaza. Maana asubuhi ile ile tulikuwa tumempiga kijana mmoja kwa kosa lisilo lake. Wenziwe walijua, wala hapana aliyethubutu kusema. Kumbe hata chumba kidogo chaweza kuwa na jeneralisimo wake! Tukamwita kijana yule mbele ya wote, tukamtaka radhi.

Waalimu wenzetu, tusiliogope swali la mtoto.