Wadoezi ndani ya kompyuta ya mabiharusi

Tuliahidi kuandika habari za lesi za Mfungo Mosi na tutaziandika in shaa Allah, lakini wiki hii watatu kati yenu mmetuuliza jambo moja: kompyuta inatoa matangazo ya aibu yenyewe, hamkuyaita wala hamjui yanakotoka. Basi lesi zisubiri. Hili lilitupata sisi wenyewe, na lilitugharimu.

Ilikuwa mwezi wa Mlisho, miaka miwili nyuma. Mnaujua Mlisho ulivyo, kila mtu anataka harusi ipite kabla Ramadhani haijaingia, na chumba chetu cha kushonea pale Mwanakwerekwe hakina pa kukanyaga. Sisi ni ndugu wawili, cherehani tatu, meza ya kukatia na laptopu moja tuliyoinunua kwa mtu kwa shilingi 450,000. Humo ndimo tunamoweka mitindo, vipimo na picha za majaribio.

Siku hiyo alikuja biharusi na mama yake na somo wake. Tukawatilia kahawa, tukafungua picha za mashela ya mikono mirefu. Picha ya tatu haijatulia vizuri, pembeni mwa kioo likachomoza tangazo la kamari. Tukalifunga huku tunacheka cheka kwa haya. Likaja la pili, la mwanamke ambaye hatuwezi kuwaambia alivaa nini kwa sababu hakuvaa. Somo akageuza uso ukutani. Mama mtu akasema "Laa haula", akavuta mkoba wake. Hakugombana hata kidogo, na afadhali angegombana. Alisema tu, "Wanangu, tutarudi siku nyengine."

Baada ya siku mbili akapiga simu kutaka arubuni yake, shilingi 150,000. Lesi tulikuwa tumeshaikata.

Kilichotuuma si fedha. Watu wengi wanaamini kuwa tangazo chafu likitokea, mwenye kompyuta ndiye anayetazama mambo hayo. Kwa matangazo ya kawaida kuna ukweli ndani yake, maana ukitafuta viatu leo, kesho viatu vinakufuata kila ukurasa. Lakini hii yetu ilikuwa kitu chengine. Wataalamu wanaiita adwea, yaani programu inayojipenyeza ndani ya kompyuta kazi yake ni kuonyesha matangazo, na mwenye kuitengeneza analipwa kila likionekana au likibonyezwa. Haiangalii kama wewe ni sheikh au mlevi. Sisi tumeipa jina la mdoezi, kwa sababu inaingia harusini nyuma ya mgeni aliyealikwa, inakula, na haiondoki. Lakini nenda ukamueleze hayo mama wa biharusi ambaye ameshafika nyumbani na ameshawasimulia majirani.

Tukaipeleka Darajani kwa fundi. Kijana mzuri, ana adabu. Akaitazama dakika mbili akasema dawa ni kuifuta yote na kuipanga upya, shilingi 40,000, iacheni hapa mpaka kesho. Tukatazamana. Humo ndani mna picha za mabiharusi wanapimwa, vichwa wazi, mabega wazi, wengine wamesimama na shumizi. Walivua mitandio yao mbele yetu kwa sababu mle chumbani tuko wanawake watupu. Hatukumdhania fundi ubaya wowote. Ila amana ile haikuwa yetu ya kumuachia mwanamme tusiyemjua alale nayo. Tukaikunja kompyuta chini ya buibui tukarudi nayo nyumbani.

Aliyetusaidia ni mtoto wa dada yetu mkubwa, anasoma kompyuta chuoni. Alikuja usiku baada ya Isha. La kwanza alizima intaneti, akatufanya tunakili picha zote na vipimo kwenye diski ya nje, picha tu, asinakili programu hata moja. Kisha akauliza, "Mama wadogo, mmeweka kitu gani kipya humu?" Tukaapa hatukuweka kitu. Hakubishana. Akafungua orodha ya programu zote, akaipanga kwa tarehe ya kuingia, na mashoga, hapo ndipo tulipoumbuka. Siku moja, ndani ya dakika zile zile, zimeingia programu tano. Moja tuliijua: ni ile ya bure ya kugeuza mafaili ya ramani za mishono ili tuweze kuzichapa. Nne hatujawahi hata kuzisikia.

Inakuwa hivi. Ukurasa uliotupa programu ile ulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani cha kupakua, na kile cha kijani ni tangazo. Cha kweli kilikuwa maandishi madogo chini yake. Tukabonyeza la kijani, nani asingebonyeza. Programu ilipoanza kujipanga ikawa inauliza, endelea, endelea, endelea. Katika kila ukurasa mlikuwa na vijisanduku vilivyokwisha kutiwa alama ya vema kabla yetu: ndiyo tunakubali hiki, ndiyo tunakubali kile, ndiyo badilisha ukurasa wetu wa kutafutia. Hatukusoma. Tulikuwa na mashela manane ya kumaliza. Kwa hivyo, kwa maneno makavu, mdoezi tulimfungulia mlango sisi na kumuambia karibu.

Akaziondoa zile nne na ile ya tano iliyowaleta. Moja ilibembeleza, ikaleta kidirisha cha kuuliza una hakika kweli, na kitufe cha kubaki kimetiwa rangi, cha kuondoka kimefifia kama maandishi ya kalamu iliyokwisha. Someni kabla ya kubonyeza, hata pale mnapoondoa.

Tulidhani imekwisha. Akasema bado, sasa tuingie kwenye brauza. Kwenye Chrome kuna alama ya kipande cha chemshabongo pale juu, ukiibonyeza unaona vijiprogramu vilivyojishikiza. Vyetu vilikuwa viwili, kimoja kinajidai kutafuta kuponi za punguzo na kingine kinajidai kuharakisha utafutaji. Vikatolewa. Akarudisha ukurasa wa mwanzo na mtambo wa kutafutia, maana vyote viwili vilikuwa vimebadilishwa. Halafu akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, kwenye ruhusa za arifa, na hapo tukaona kurasa kumi na moja tulizozipa ruhusa ya kututumia ujumbe wakati wowote.

Hili tunaomba mlishike, kwa sababu linawapata hata wale ambao hawana adwea kabisa, na kwenye simu pia. Unafungua ukurasa, labda unatafuta kuangalia filamu au mtindo wa piko, unaambiwa bonyeza Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Hakuna uthibitisho wowote hapo. Umetoa ruhusa ya arifa, na kuanzia hapo wanakurushia matangazo pembeni mwa kioo hata ukiwa umefungua kitu chengine kabisa. Yale mawili yaliyomfukuza biharusi wetu yalitokea huko huko. Na lile la tatu ambalo hatujawatajia, linaloandika kwa wekundu kuwa kompyuta ina virusi na upige namba fulani haraka, nalo lilitokea huko. Mmoja wetu alikuwa ameshashika simu mkononi. Ni uongo. Usipige, usilipe. Kuondoa ruhusa zote kumi na moja kulichukua chini ya dakika mbili.

Mwisho akapakua AdwCleaner, ni ya bure, tangu mwaka 2016 iko chini ya kampuni ya Malwarebytes. Aliitoa kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe kwa kuandika anuani, hakupitia matokeo ya kutafuta, kwa sababu hata dawa ina wadoezi wanaouza bandia yake. Ile haihitaji kupangwa, unaifungua, inachungua, inakuonyesha ilichokuta, unakubali isafishe, kompyuta inazima na kuwaka. Kisha akatumia ulinzi uliomo ndani ya Windows wenyewe, Defender, ule uchunguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka. Tukala wali wetu tukisubiri.

Asubuhi tukawasha. Ule ukurasa wa kutafutia wa kishenzi umerudi, umekaa pale pale kama hakuna kilichotokea.

Tusiwafiche, mmoja wetu alilia. Tukampigia mtoto, akafikiri kidogo akauliza, "Akaunti hii mmeifungua kwenye kompyuta nyengine?" Ndiyo, ya nyumbani kwa wifi yetu, tunaingilia huko tukienda kuchapa. Kumbe brauza ikiwa imeingia kwenye akaunti inalinganisha vitu vyake pote ulipoingia: alama za kurasa, nywila, na vile vijiprogramu. Tulikiondoa huku, huku kingine kikabaki, kikarudishwa kwetu usiku kama mtu aliyesahau kanzu yake. Ikabidi tuzime ule ulinganishaji, twende kwa wifi tufanye kazi ile ile tangu mwanzo, ndipo turudi kwetu. Tangu hapo hakijaonekana, Alhamdulillah. Sisi mafundi tunajua, ukifumua pindo ukaacha uzi mmoja, unavuta pindo lote, lakini hatukufikiri kuwa uzi wenyewe uko nyumba ya pili.

Nywila za barua pepe na za Instagram ya duka tulizibadilisha kwa kutumia simu, siyo kwa kompyuta ile, kabla hatujaiamini.

Na msijilaumu kupita kiasi. Mwaka 2015 ilijulikana kuwa kampuni ya Lenovo ilikuwa ikiuza baadhi ya laptopu zake mpya, kutoka kiwandani, zikiwa na programu iitwayo Superfish inayopachika matangazo ndani ya kurasa za watu, na kwa namna ilivyofanya kazi iliwaachia wezi mwanya hata kwenye kurasa zenye kufuli la usalama. Kampuni ikalazimika kutoa kifaa cha kuiondoa. Huyo ni aliyenunua mpya dukani, na karatasi yake ya nailoni haijabanduliwa.

Sasa picha. Baada ya yote hayo tulikaa tukajiuliza kwa nini picha za mtu aliyeolewa mwaka juzi ziko bado mezani kwetu. Tukawatumia wenyewe kila mmoja za kwake, kisha tukazifuta, kwenye kompyuta na kwenye diski. Siku hizi picha za majaribio tunapiga kwa simu ya biharusi mwenyewe, akitaka kutuonyesha anatuonyesha. Vipimo vimerudi kwenye daftari la kaunta, na hakuna aliyelalamika.

Kwa yule mama tulikwenda wenyewe, wote wawili, Ijumaa baada ya Alasiri. Tulichukua arubuni yake na kompyuta. Alitukaribisha, akatupa chai ya tangawizi, tukamueleza kama tulivyowaeleza nyinyi, na hatujui kama alielewa yote ya vijisanduku. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja tu: "Na picha za mwanangu?" Tukafungua, tukampa kompyuta, akazifuta kwa mkono wake, kisha akatwambia tumuonyeshe na jaa la taka la kompyuta, akalimwaga na hilo. Mjanja kuliko sisi. Fedha alizipokea, na shela mwanawe alishonewa kwengine, lilikuwa zuri, tuliliona siku ya harusi tukiwa tumealikwa upande wa bwana.

Ile lesi tuliyoikata tulikaa nayo mpaka Mfungo Tatu. Siku hiyo akaingia msichana mrefu, mpwa wake, anataka shela la mikono mirefu, na mwili wake unaingia kwenye ile lesi kwa kuongeza inchi mbili tu. Kabla hajakaa akasema, "Shangazi kanituma, kasema niwaulize kwanza, kompyuta yenu imepona?"

Tukamgeuzia akaangalia mwenyewe.