Vibarua wa Saa Kumi na Moja

Injili ya Mathayo, sura ya 20, ina mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, kisha jioni akawalipa wote dinari moja moja. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa saa hizo. Wayahudi wa zama zile walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, kama Waswahili wanavyohesabu hadi leo. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja, jua limekwisha inama na kazi imebakiza saa moja. Wamisionari kutoka Ulaya ndio waliohitaji ufafanuzi. Namna mfano huu ulivyosomwa katika parokia za Kikatoliki za Tanzania na Kenya tangu miaka ya 1950 inaonyesha jinsi nafasi ya muumini wa kawaida mbele ya Injili ilivyobadilika.

Wazee waliobatizwa kabla ya 1960 wanaikumbuka Misa ya Kilatini. Padre aliisoma Injili altareni kwa Kilatini, na katika parokia nyingi aliirudia kwa Kiswahili au kwa lugha ya kabila kabla ya kuhubiri. Masomo ya Dominika yalikuwa ya mzunguko wa mwaka mmoja, na mfano wa vibarua ulisomwa kila mwaka, Dominika ya tatu kabla ya Jumatano ya Majivu. Muumini mwenye miaka hamsini alikuwa ameusikia mara nyingi, lakini hakuna aliyemuuliza anaonaje. Kutafakari kulikuwa kazi ya padre. Kigangoni, ambako padre alifika mara chache, katekista aliongoza sala na kufundisha katekisimu ya maswali na majibu, yakakaririwa neno kwa neno. Makatekista hao waliubeba mzigo ambao historia zilizoandikwa huupita haraka. Biblia nyumbani ilikuwa nadra, na aliyeonekana nayo mkononi mara nyingi alidhaniwa Mprotestanti.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ulibadili utaratibu huo. Hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 ilifungua mlango kwa lugha za watu, na hati kuhusu Ufunuo ya tarehe 18 Novemba 1965 ikataka waamini wapatiwe Maandiko kwa wingi. Mpangilio mpya wa masomo, wa mwaka 1969, uligawa Dominika katika miaka mitatu: Mwaka A wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka, na Yohane akaenea katika yote, hasa wakati wa Pasaka. Marko, ambaye zamani alisikika kwa nadra siku ya Dominika, akapata mwaka wake. Mfano wa vibarua ukahamia Dominika ya 25 ya Mwaka A, ukawa unasomwa mara moja tu kwa miaka mitatu. Hapo ndipo, ajabu, ulipoanza kuzungumzwa.

Sababu ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya majirani wanaokutana kusali na kusoma Injili. Maaskofu wa Kongo walikwisha kuzungumzia jumuiya hai za Kikristo mwaka 1961. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka huohuo, walilichukua wazo hilo katika mkutano wa Nairobi wa 1973, na mwaka 1976, Nairobi tena, wakalifanya nguzo ya uchungaji. Tanzania ilikuwa na udongo ulio tayari: Azimio la Arusha la 1967, vijiji vya ujamaa, na mabalozi wa nyumba kumi kumi. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Ujamaa ulipodhoofika, jumuiya zilibaki.

Utaratibu uliozoeleka wa mikutano ya jumuiya ulitokana na njia ya hatua saba, iliyotungwa katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Wanajumuiya humkaribisha Bwana kwa sala, husoma Injili, huchagua neno au kifungu na kukirudia kwa sauti, hukaa kimya, hushirikishana yaliyowagusa, hujadili kazi ambayo jumuiya imeitiwa, na humalizia kwa sala. Hatua ya tano ndiyo iliyogeuza mambo. Mama muuza maandazi na fundi mwashi walipewa zamu ya kusema mbele ya majirani, pasipo kusahihishwa. Katika mtaa wenye watu wanaokwenda kila alfajiri kusubiri kuitwa kwenye maeneo ya ujenzi, mfano wa Mathayo hausomwi kama somo la neema peke yake. Aliyewahi kusimama tangu asubuhi bila kuitwa anajua kwamba yule wa saa kumi na moja hakuwa mvivu. Alikuwa hajaajiriwa na mtu, kama Injili yenyewe inavyosema. Mahubiri mengi ya zamani yaliliruka jambo hilo.

Hatua hiyo ya tano ndiyo inayoliwa leo. Jumuiya imekuwa pia ofisi ndogo ya parokia: huko huandikwa zaka, hugawanywa michango ya ujenzi, na hutolewa barua ya utambulisho kwa anayetaka ndoa au ubatizo wa mtoto. Injili husomwa, mmoja wawili husema, kisha katibu hufungua daftari na saa nzima huishia kwenye matangazo. Wanaume hupungua; wanawake ndio wanaoendelea kufika na kukaribisha jumuiya majumbani mwao.

Simu nazo zimeleta tafakari iliyokwisha kuandikwa. Kenya ilipofunga nyumba za ibada Machi 2020, makundi ya WhatsApp yalikuwa msaada wa kweli kwa familia zilizobaki ndani. Lakini zoea lilidumu, na tafakari ya padre asiyefahamika hutumwa kwa wanajumuiya kabla hawajaifungua Biblia. Kwa mtindo huo muumini amerudishwa kwenye benchi la msikilizaji, ingawa sasa anasikiliza kwa Kiswahili.

Katika Mwaka A wa 2026, Dominika ya 25 ni tarehe 20 Septemba. Jumuiya zinazotangulia kuisoma Injili ya Dominika zitakutana na vibarua hao katikati ya wiki, na viongozi wake wafanye hisani: daftari la michango lifunguliwe baada ya hatua ya saba.