Kulima na Kutunza



Sisi tunaowaandikia ni wafanyakazi sita wa kiwanda kimoja cha unga wa mahindi katika jiji la Lubumbashi. Tumeombwa kutafakari pamoja nanyi juu ya kazi na imani. Tungeweza kuanza na mafundisho, lakini tunaona ni haki kuanza na ungamo.

Kwa siku tatu tulisikia kelele, na kwa siku tatu tulinyamaza. Ilitoka upande wa kushoto wa kinu cha nyundo, mahali ambapo mhimili unazunguka ndani ya beringi. Siku ya kwanza ilikuwa mlio mwembamba, kama wa panya ndani ya gunia. Siku ya pili ikawa mkwaruzo. Siku ya tatu tulilazimika kupaza sauti ili tusikilizane. Hakuna hata mmoja wetu awezaye kusema kwamba hakusikia. Lakini tulikuwa na msemo wetu kiwandani: "Mimi nasaga, fundi anatengeneza." Kazi yetu ilikuwa kumimina mahindi, kubonyeza swichi na kuhesabu magunia. Kelele haikuwamo katika hesabu yetu.

Alasiri ya siku ya tatu beringi ilikwama. Mkanda uliteleza juu ya gurudumu lake, ukaanza kutoa moshi. Mahali penye vumbi la unga, moshi si jambo dogo, kwa maana vumbi hilo likitanda hewani na kukutana na cheche laweza kulipuka. Kapita alikata umeme, tukakimbilia nje, na Mungu akatuhurumia: hakuna aliyeumia. Kinu kilisimama siku tisa. Sisi wenye mkataba tulilipwa. Wapakiaji wanaolipwa kwa siku walirudi nyumbani mikono mitupu, na kati yao alikuwamo baba mmoja wa jumuiya yetu hai, ambaye tunasali naye kila juma. Jioni moja baada ya sala alituuliza kwa upole, "Ndugu zangu, hamkusikia kitu?" Tulitazama chini.

Swali lile halikutuacha. Tuligundua kwamba hatukuwa tumevunja sheria yoyote ya kiwanda. Kila mmoja alikuwa ametimiza alichoandikiwa. Hata hivyo watoto wa jirani yetu walikuwa wamelala bila bukari kwa sababu ya ukimya wetu.

Baada ya mkasa huo kiwanda kilileta injinia wa kutufundisha. Alikuja kila Jumamosi, na somo lake la kwanza lilitushangaza, kwa kuwa hakutupa spana bali vitambaa na brashi. Alituambia tusafishe kinu chote, hata pale ambapo mkono haukuwa umefika kwa miaka mingi. Tulinung'unika, tukidhani ametushusha cheo. Kabla ya saa mbili kwisha tulikuwa tumeona yale ambayo macho yetu yalipita juu yake kila siku: bolti nne zilizolegea, mkanda wenye ufa, kinga ya mkanda iliyoshikwa na skrubu moja tu, na tundu la kutilia grisi lililozibwa na unga ulioganda kama udongo. Huko ndiko kifo cha beringi kilikoanzia. Sumaku inayonasa vipande vya chuma kabla mahindi hayajaingia kinuni ilikuwa imejaa misumari na waya, hata isingeweza kunasa zaidi. Injinia akasema, "Anayesafisha kwa mkono wake anakagua kwa mkono wake."

Alitueleza kwamba njia hiyo ilikomaa Japani. Viwanda vya huko vilikuwa vimejifunza kutoka Marekani, baada ya vita, kutunza mashine kabla haijaharibika, lakini kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa mafundi peke yao. Mashine zilipoongezeka, mafundi hawakuweza tena kuzifikia zote. Kampuni ya Nippondenso, iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari katika jamaa ya viwanda vya Toyota, iliamua kwamba matunzo ya kila siku yafanywe na yule aliye karibu na mashine kuliko wote, yaani mwenye kuiendesha. Fundi akabaki na kazi nzito zinazodai elimu yake. Mwaka 1971 kampuni hiyo ilitunukiwa tuzo kwa sababu ya mpango huo, na Seiichi Nakajima akaueneza na kuuandikia vitabu. Mpango wenyewe huwa na hatua saba. Unaanza na usafi wa kwanza, kisha kuondoa vyanzo vya uchafu, kisha kuandika kanuni za kusafisha na kulainisha, kisha kujifunza ukaguzi, na kuendelea hadi wafanyakazi waweze kuisimamia mashine yao wenyewe.

Sisi tungali katika hatua ya tatu, wala hatuoni haya kusema hivyo. Tuna karatasi iliyobandikwa ukutani, tuliyoiandika wenyewe kwa Kiswahili chetu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kinu, tunaangalia mkanda, bolti, kinga na chekeche, tena tunasafisha sumaku. Kwa siku zilizopangwa tunatia grisi kwa kipimo, kwa maana tulijifunza kwamba grisi ikipungua beringi inaungua, na ikizidi pia inapata joto. Tukiona kasoro tunafunga kibandiko: cheupe kwa ile tunayoweza kuirekebisha wenyewe, chekundu kwa ile inayomngoja fundi. Sanduku la umeme hatulifungui. Nyundo za kinu hatuzibadilishi, kwa sababu zisipolingana uzito kinu chote hutetemeka. Kujua mpaka wa ujuzi wako nako ni ujuzi.

Mpaka mwingine tulijifunza kwa hofu. Katika juma la pili kijana mmoja kati yetu, mwimbaji wa kwaya, aliingiza mkono kusafisha chini ya mkanda kinu kikiwa kimesimama. Mwenzake, asiyemwona, akaenda kuwasha. Kapita alipiga ukelele, na mkono ukatoka kabla swichi haijabonyezwa. Tangu siku hiyo hakuna anayegusa kinu kabla ya kukata umeme na kufunga swichi kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa yule anayesafisha. Injinia alikiri mbele yetu sote kwamba somo hilo lilipasa kuwa la kwanza. Tulimheshimu zaidi kwa sababu ya maneno hayo.

Msidhani kwamba wote walifurahi. Fundi mkuu, mzee aliyetumikia kiwanda tangu sisi tukiwa watoto, alituuliza, "Wanangu, mnataka kunitoa kazini?" Wengine kati yetu waliuliza swali lililo gumu zaidi: je, mwajiri hatuongezei mzigo bila kutuongezea mshahara? Swali hilo ni halali, na mkristu hapaswi kulizima kwa maneno matamu kuhusu sadaka. Tulituma wajumbe, tukaongea kwa heshima. Tulikubaliwa dakika ishirini za matunzo ndani ya saa zinazolipwa, pamoja na glavu na miwani. Nyongeza ya mshahara hatukuipata, nasi hatujaacha kuiomba. Mzee fundi naye alikuja kutufundisha kusikiliza beringi, jambo ambalo hakuna karatasi iwezayo kulifundisha. Sasa hashindi tena akikimbilia bolti zilizolegea. Amepata nafasi ya kutengeneza vifaa vilivyotupwa pembeni kwa muda mrefu. Hofu yake ilipungua pale alipoona kwamba tunamhitaji kuliko zamani.

Tulipoyaleta hayo yote katika tafakari ya chama, padri wetu alitufungulia kitabu cha Mwanzo, sura ya pili. Humo tunajifunza kwamba Mungu alimkabidhi mwanadamu bustani kwa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Tulikuwa tumesikia somo hilo mara nyingi, lakini hatukuwa tumeona kwamba kazi hizo mbili alipewa mtu yule yule. Hakuwekwa mmoja wa kuvuna na mwingine wa kutunza. Sisi ndio tuliozitenganisha, tukachukua mavuno na kumwachia mwingine matunzo.

Padri alitukumbusha pia mafundisho ya Kanisa. Katika waraka Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, Papa Pio XI alifundisha kwamba si haki kwa mkubwa kumnyang'anya mdogo kazi ambayo mdogo aweza kuitimiza mwenyewe. Wajibu wa mkubwa ni kumsaidia. Na Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Tulielewa basi kwa nini siku ile ya usafi tuliondoka tumechoka lakini tumenyooka. Kwa miaka mingi tulikuwa mikono ya kubonyeza swichi. Siku ile tuliulizwa tumeona nini, na neno letu likaandikwa.

Hata hivyo tusijidanganye. Njia hiyo hiyo yaweza kutumiwa kumkamua mfanyakazi, ikiwa anaongezewa wajibu bila kuongezewa elimu, muda, usalama wala sauti. Kipimo chetu ni hiki: je, mtu anatoka katika mafunzo akiwa anajua zaidi na kusikilizwa zaidi, au akiwa amechoka zaidi tu?

Ndugu vijana, wengi wenu mtafanya kazi na mashine, iwe kinu, pikipiki, cherehani au jenereta ya parokia. Msingoje kuitwa mafundi ndipo mjifunze kuitunza. Jenereta hiyo hiyo ya parokia, ni nani kati yenu anayepima mafuta yake kabla ya kuiwasha kwa mazoezi ya kwaya? Inapozimika katikati ya mkesha, sote tunamlaumu mlinzi.

Lakini tunawaomba msikilize kelele nyingine pia. Katika kikundi chenu yuko mwenzenu ambaye zamani alicheka na sasa anakaa nyuma, anaondoka kabla ya sala ya mwisho. Mmemwona. Pengine mnasema moyoni, "Hilo ni la padri," au "Hilo ni la viongozi." Sisi nasi tulisema hivyo kuhusu beringi. Yako mambo mazito yanayomngoja padri au mganga, na hapo mfungeni kibandiko chekundu, yaani mpelekeni kwa anayeweza. Lakini kumuuliza habari zake, kumtembelea nyumbani, kumwachia nafasi kando yenu kwenye benchi, hayo yako ndani ya uwezo wa kila mmoja wenu, na yanapaswa kufanywa leo.

Kwa mkutano wenu ujao tunawaachia maswali mawili. Ni kelele gani mnayoisikia sasa, nyumbani, shuleni, kazini au katika kikundi, nanyi mnanyamaza? Na ni sehemu gani ya matunzo yake iliyo mikononi mwenu, bila kumngoja mwingine?

Yule baba mpakiaji yungali nasi kiwandani. Asubuhi nyingine hupita karibu na kinu tunapofanya ukaguzi, naye husimama kidogo, anainamisha kichwa kusikiliza. Kisha anatuambia, "Leo kinaimba vizuri," na anakwenda kwenye magunia yake. Maneno hayo ndiyo cheti chetu.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, aliyemfundisha Yesu kazi ya mikono huko Nazareti, atuombee.