Gari Imefika, Mzigo Bado

Gari ikitoka Kasenyi na samaki ya chumvi, au ikitoka Mahagi na maharagwe na sabuni, sisi wamama wa Lumumba tunangoja simu ya shofere aseme amefika. Akisema hivyo, tunapumua. Njiani kuna matope na vizuizi, na kwa vita vya Djugu kila mmoja wetu anajua barabara ya taifa namba 27 inaweza kufungwa saa yoyote. Lakini katika kikundi chetu, mizigo mingi tuliyoibiwa haikupotelea njiani. Ilipotelea hapa mtaani, mbele ya depo, gari ikiwa imesimama.

Sababu yake si ngumu kuiona. Gari inafika jua likizama. Washushaji wamekwisha kwenda nyumbani, na kwa usalama wa Bunia hakuna anayetaka kubeba gunia usiku. Basi mzigo unalala juu ya gari. Shofere anasema amekwisha kuufikisha. Mwenye depo anasema hajaupokea. Mlinzi wa depo analipwa kwa kulinda mlango, si gari iliyo barabarani. Anabaki boi, kijana aliyekaa juu ya magunia siku mbili bila usingizi, na sisi tunataka akeshe tena! Usiku huo mali haina mtu, na mwizi anaijua saa hiyo kuliko sisi.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikosa magunia mawili ya maharagwe. Bashi ilikatwa upande wa ukuta, kule taa haifiki, tundu la kutosha gunia kupita. Feza alizonunulia zilikuwa za likelemba. Amekwisha kula zamu yake, lakini kila juma lazima atoe mchango kwa ajili ya wengine, maharagwe yawepo yasiwepo. Feza ya masomo ya watoto wake ilikuwa itoke humo humo.

Asubuhi ile watu walimkamata maibobo mmoja aliyelala karibu na hapo, wakaanza kumpiga. Mtoto ambaye hata bidoni ya maji inamshinda, ataondokaje na magunia mawili? Tulimtoa mikononi mwao, na wengine walitutukana kwa hilo. Tunasema wazi: anayeiba gunia zito ana mikono ya mtu mzima, ana mwenzake, na mara nyingi ana kitu cha kubebea kinachomngoja pembeni. Kupiga mtoto hakurudishi maharagwe.

Tangu siku hiyo tunafanya hivi. Gari ikifika, wawili kati yetu wanapanda na taa ya simu, wanahesabu, wanaandika kwenye karatasi mbili, shofere anatia sahihi kabla hajaondoka. Kila mama anapaka alama ya rangi yake kwenye gunia, maana magunia meupe yote yanafanana na sokoni hutaweza kubishana na mtu. Gari inasimama nyuma yake ikigusa ukuta, ili mlango wa nyuma usifunguke, na pembeni pabaki wazi panapoonekana. Tangi la mazutu linafungwa kwa kufuli. Hilo wengine walilicheka, lakini mazutu ikinyonywa usiku, gari haiondoki asubuhi, na samaki mbichi ya mtu inaoza.

Kilicholeta maneno mengi ni mlinzi wa usiku. Tumeamua wenye mizigo tumlipe pamoja, kila mmoja kadiri ya magunia yake, na boi alale. Wamama fulani wanasema hiyo ni kazi ya mwenye gari. Ni kweli, ingekuwa kazi yake. Lakini akikataa, gunia linaloibiwa si lake, ni letu. Tunachoomba kwake ni mapatano yafanyike kabla ya kupakia, kule kule Mahagi au Kasenyi, wakati bado anatafuta mzigo. Akishafika Bunia na feza yake mfukoni, hana haraka ya kusikiliza mtu.

Karatasi za kuhesabia ziko kwa mwandishi wa kikundi. Anayengoja gari juma hili apite achukue mbili, na aje na kalamu yake.